Mkono wa Kabati

Jina la Kabati hakulipata ulingoni. Alipewa na mama mkwe wake, siku alipokwenda kujitambulisha. Aliingia mlangoni kwa ubavu, akakaa kwenye kochi la watu wawili akalijaza peke yake, kisha akanyamaza kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mama mkwe akaenda jikoni akasema, wala si kwa kunong'ona, kwamba leo wameletewa kabati, tena limefungwa na ufunguo wake umepotea. Waliocheka mpaka machozi walikuwa wawili: binti aliyemleta mgeni, ambaye baadaye akawa mke wake, na mdogo wake wa kiume, kijana mwembamba asiyeweza kupita karibu na ukuta bila kuukwea. Huyo mama yake alikuwa akimwita Panzi tangu anatambaa. Basi mchana ule ule, juu ya kikombe kimoja cha chai, majina yote mawili yalikuwa yamekwisha kukaa pamoja, na wenyewe hawajui.

Kabati alikuwa fundi wa magodoro. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vipuri, chenye dirisha moja ambalo halikufunga vizuri, na jioni ungemkuta nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la pamba kama za babu wa babu yake. Alichambua pamba kwa fimbo, akaijaza, akashona. Maneno machache, kazi nyingi. Alipomwoa yule binti, Panzi naye akaja kama kiporo cha harusi. Hakuwa na kazi ya kueleweka, leo anapaka rangi nyumba za watu, kesho anapakia mizigo, kwa hiyo shemeji yake akamweka amsaidie kupeleka magodoro kwa wateja.

Ndivyo walivyoingia kwenye mieleka, kwa godoro. Mteja alikaa ghorofani, ngazi zikawa nyembamba, godoro la watu wawili likagoma kupinda. Panzi akasema wasijisumbue, akapanda kwa nje, ukingo hadi ukingo, ili alivute kwa kamba. Alipofika juu mguu ukateleza. Kabati alikuwa chini; aliachia godoro, akasogea kidogo tu kama anayempisha mtu njiani, akafungua mikono, na Panzi akaingia humo. Hakumuuliza kama ameumia. Alimuuliza kamba iko wapi.

Ng'ambo ya barabara alikuwa amekaa bwana mmoja mwenye kofia, anakunywa soda. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye ulingo, aliyeandaa mieleka kila Jumamosi kwenye ukumbi wa bati karibu na stendi. Aliacha soda yake nusu akavuka barabara, akawaomba kama wanaweza kufanya vile tena. Panzi akapanda tena, na mara hii akaruka kwa kusudi, akicheka angani.

Mieleka ile si ya kugombana. Watu wanalijua hilo na bado wanapiga kelele, kama wanavyojua kwamba suti ya bwana harusi ni ya kuazima na bado wanampigia vigelegele. Nani atashinda huamuliwa mapema, juu ya chai. Lakini sakafu haiambiwi. Anayetupwa anaanguka kweli, na mbao zilizo chini ya turubai ni mbao. Kwa hiyo wachezaji wa kazi ile hutunzana kuliko ndugu, na kwa kuwa mbele ya watu hawawezi kuulizana hali kwa mdomo, huulizana kwa mikono. Unapomshika mwenzio, unamminya kwa kidole gumba kwenye kiganja: ni kama kumwuliza, uko sawa? Naye anakuminya: niko sawa, twende. Akiwa ameumia kweli, hakuminyi. Anakukwaruza kwa kucha. Kucha ni jambo zito. Ukikwaruzwa, mchezo umekwisha hapo hapo; unatafuta uongo wa haraka wa kuumaliza, na unamtoa mwenzio nje.

Kabati na Panzi walicheza kama wawili wanaopokezana: mmoja ndani, mwingine kwenye kona nje ya kamba, wakigusana mikono wanabadilishana. Kazi ya Panzi ilikuwa kupigwa. Alijua sana kupigwa yule kijana; akianguka, wanawake wa viti vya mbele walishika vifua. Alitambaa kuelekea kona huku uso umemkunjamana, akinyoosha mkono, akivutwa mguu nyuma, akinyoosha tena, mpaka ukumbi wote unamwomba Mungu afike. Na Kabati alisimama pale kwenye kona kimya, ndani ya nguo ya kahawia aliyoshonewa na mkewe, yenye vishikizo viwili vya kabati vya kweli vimeshonwa kifuani. Mikono ikishagusana, watu walianza: "Kabati, funguka! Kabati, funguka!" Naye alishika vile vishikizo, akavuta, akafungua mikono yake yote miwili, na hapo wabaya wakaanza kukimbia.

Mwisho ulikuwa mmoja siku zote, na uliitwa Darini. Kabati alimnyanyua Panzi juu ya kichwa, Panzi akiwa ametazama bati, amejikaza kama ubao. Mkono wa kushoto wa Kabati ulishika mapaja, wa kulia ulikaa kati ya mabega, vidole vimepanda mpaka kwenye shina la shingo. Akazunguka naye ulingo mzima, kisha akamrusha juu ya wale wapinzani wawili, nao wakamdaka huku wanaanguka. Mkono ule wa kulia ndio uliokuwa na kazi yote. Wa kushoto unabeba mzigo. Wa kulia unabeba shingo ya mtu.

Miaka ikaenda. Kabati akapata watoto, Panzi akapata mchumba na kumpoteza na kumpata tena. Watoto wa mtaani walijifunga mashuka wakafunguka mabarazani. Walioshabikia wapinzani nao walikuwa na lao: "Kabati halina bawaba! Kabati limeliwa na mchwa!" Kabati aliyapenda hata hayo. Nyumbani aliwahi kumwambia mkewe kwamba mtu akitukanwa kwa jina lake mwenyewe, ni heshima.

Kisha ikaja ile sindano.

Sindano ya godoro ni ndefu kupita kiganja. Unaisukuma juu, inatokea chini, unaigeuza, inarudi. Asubuhi hiyo Kabati alikuwa anashona peke yake, akaona tone jekundu kwenye kitambaa chenye mistari. Akalipangusa, likaja jingine. Akatazama juu kama dari inavuja. Ndipo alipoiona sindano: imemwingia chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia, imesimama pale kwa utulivu, kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa. Hakuwa amehisi kitu. Aliichomoa, akajaribu kuchoma kidole kimoja kimoja. Gumba, hakuna. Cha shahada, hakuna. Cha kati, hakuna. Kidole kidogo kilijibu kwa mbali, kama mtu anayeitika akiwa chumba cha nyuma.

Alijua ganzi ile ilikotoka. Mechi chache nyuma aliangukia bega vibaya, na moto ukapita shingoni ukashuka mpaka kwenye vidole, kisha ukazimika. Alishukuru ulipozimika. Kumbe ulipozimika ulizima na taa.

Kile kitambaa chenye damu alikikunja kwa ndani, akaendelea kushona. Kuna mtu analilalia godoro hilo mpaka leo.

Hakumdanganya mtu. Alinyamaza tu, na kwa kuwa kunyamaza ndiko kulikokuwa tabia yake, hakuna aliyeona tofauti. Alijiambia ni uchovu, utapita. Alijiambia ngoja tumalize ile mechi ya mkanda wa ubingwa, maana mwenye ulingo alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwaka huu mkanda wa wawili utakwenda kwa Kabati na Panzi, na Panzi alikuwa ameapa kwa dada yake kwamba siku atakayoubeba ule mkanda, ndiyo siku atakayoacha kuruka na kutafuta kazi ya maana. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo ambalo Kabati hakujiambia hata mwenyewe. Mwaka uliopita mchezaji mmoja alisema wazi kwamba goti lake limekwisha. Jumamosi iliyofuata mwenzake akapandishwa na mtu mwingine, na watu wakashangilia vile vile. Kabati angeweza kuvumilia kutocheza tena. Kumwona mtu mwingine amemnyanyua Panzi, hilo alishindwa hata kuliwaza mpaka mwisho.

Basi akajifunza ujanja. Mikono yao ilipokutana aliitazama, na akaminya tu, aulizwe asiulizwe. Panzi aliona kitu, lakini alikichukua kwa mzaha wake. "Shemeji, siku hizi unaitikia kabla sijabisha hodi," alimwambia. Kabati akacheka. Alicheka mno kwa mtu asiyecheka.

Mkewe ndiye asiyekuwa na mzaha. Alimwona ameshika sufuria iliyotoka motoni bila kitambaa, akaiweka mezani taratibu, akaendelea kuongea. Alimwona anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Alisubiri mpaka asubuhi ya Jumamosi yenyewe ya mkanda, watoto wako nje, yeye anamalizia kukaza kishikizo kimoja kilicholegea kwenye ile nguo ya kahawia. Akakaa karibu na mumewe, akaanza kumwongelesha habari za mama yake, za kodi, za jirani na mbuzi wake, na Kabati akawa anaitikia, ehe, ehe.

"Baba watoto," akasema, "nimekushika mkono tangu nilipoanza kuongea. Ulikuwa unajua?"

Kabati akatazama chini. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe, na kucha za mkewe zilikuwa zimezama kwenye kiganja.

Mke hakupandisha sauti. Alimwambia wanaoficha maradhi hufichuliwa na kilio, lakini hapa kilio kitakuwa cha mama yake, kwa sababu anayekwenda darini si Kabati. Akamwambia amweleze Panzi kabla hawajapanda. Akishindwa, ataeleza yeye, hata kama ni kwa kupanda ulingoni na kanga. "Yule ni mdogo wangu," akasema. "Nilikukabidhi akiwa mzima."

Kabati akaahidi. Na aliahidi kwa moyo wote.

Chumba cha kuvalia kilikuwa stoo ya viti. Wapinzani wa siku hiyo walikuwa Shubiri Mkubwa na Shubiri Mdogo, watu wa vinyago vyeusi, wabaya kuliko wabaya wote. Siku za kazi Shubiri Mkubwa alikuwa mwalimu wa chekechea, na pale stoo wote walimwita Mwalimu. Alikuwa amekaa juu ya viti vilivyopangwa, kinyago kimekaa kichwani kama kofia, anakunywa maji kwa adabu. Panzi alikuwa ndani ya nguo yake ya kijani, anarukaruka mahali pamoja, hakai. Ng'ambo ya ukuta ukumbi ulikuwa umeanza kupiga miguu, na bati likawa linatetemeka.

Kabati akamwita. "Shemeji."

"Naam, shemeji."

Panzi akasimama mbele yake, akamtazama. Macho yalikuwa yamejaa. Akasema, kabla Kabati hajafungua mdomo, kwamba asimwambie maneno ya kuagana, maana atalia na wanja utamchuruzika, na shujaa hachuruziki. Akasema yeye tangu siku ya lile godoro hajawahi kutazama nyuma anaporuka. Hata mara moja. Watu humuuliza kama haogopi, na yeye huwajibu aogope nini, shemeji si yupo.

Lile lingekuwa la kumfungua Kabati. Badala yake likamfunga. Alitazama chini.

"Kamba za kiatu chako zimelegea," akasema.

Akainama akazikaza, kwa mkono wa kushoto, wakati zilikuwa zimekaza.

Walipotoka, mkewe alikuwa kiti cha mstari wa pili, karibu na mama yake. Hakushangilia. Aliinua nyusi tu, kumuuliza: umemwambia? Kabati akaitikia kwa kichwa. Huo ndio uongo wa kwanza aliowahi kumwambia mwanamke yule, na mke akauamini. Akashusha pumzi, akamshika mama yake mkono.

Mwanzo ulikwenda kama walivyokubaliana juu ya chai. Panzi aliingia, akaruka, akawadhihaki akina Shubiri, akapiga magoti mbele ya Shubiri Mkubwa kama mtoto anayeomba ruhusa kwenda chooni, na watu wakacheka. Kisha wakamkamata, na kipigo kikaanza. Kabati alisimama kwenye kona nje ya kamba. Kwenye kona ile kuna kamba fupi ambayo mtu wa nje lazima aishike kwa mkono mmoja, akinyoosha mwingine kumpokea mwenzake. Zamani Kabati aliishika kwa kulia na kunyoosha kushoto. Tangu ile sindano hakuuamini mkono wa kulia kushika kamba, akaogopa utaachia mbele za watu. Akawa anashika kwa kushoto. Ukabaki wa kulia kumpokea Panzi.

Shubiri Mdogo alimnyanyua Panzi kwa kiuno ampindue. Ulikuwa mpinduo wa kila wiki. Lakini turubai lilikuwa na jasho, na kisigino cha Shubiri Mdogo kikateleza, wakaenda chini upande upande, na Panzi akatua kwa utosi.

Ukumbi ukanguruma kwa raha. Walidhani ni ufundi.

Panzi akalala. Akaanza kutambaa. Alitambaa kama siku zote, uso umekunjamana, mkono mbele; na ubaya ulikuwa ndio huo, kwamba hakuna tofauti mtu angeweza kuiona. Miaka yote ule uso ulikuwa unasema umekufa wakati mwenyewe mzima. Leo ulisema kweli kwa maneno yale yale. Kabati aliutazama uso. Kwa mara ya kwanza tangu sindano, akasahau kuutazama mkono.

Vidole vikakutana. Panzi akamkwaruza. Alimkwaruza kwa kucha zake zote, kwa nguvu ya mtu anayezama. Na Kabati, ambaye alikwisha kuzoea kujibu asichoulizwa, akaminya: niko sawa, twende.

Panzi aliupokea ule mminyo kwa namna yake. Akadhani shemeji ameelewa, anamtuliza. Akajiviringisha kando ya kamba, akalala chali, akafumba macho. Akangoja kutolewa.

"Kabati, funguka! Kabati, funguka!"

Kabati akafunguka. Aliwatupa akina Shubiri huku na huku, akawagonganisha vichwa, akamkalia Shubiri Mdogo mpaka watu wakamhurumia. Upande wa nyuma sauti nyembamba ikarudia, "Limeliwa na mchwa hilo!" na wengine wakacheka. Kisha akina Shubiri wakasimama katikati wakiyumba, wamejiweka tayari, mikono wazi kidogo ya kudakia. Kabati akainama akamwokota Panzi.

Mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote anajua kuna mzigo unaokusaidia na mzigo usiokusaidia. Panzi alikuwa mzigo wa kusaidia. Ukimgusa tu anajikaza, nusu ya kazi anaifanya mwenyewe. Leo alipanda juu laini, kama kitambaa cha godoro kabla ya pamba. Kabati akashangaa, lakini mikono ilikuwa imekwisha kunyooka, na ukumbi wote umesimama.

Akapiga hatua ya kwanza ya kuzunguka. Hapo akahisi kitu cha uvuguvugu kwenye mkono wake, chini kidogo ya kifundo, kikishuka polepole kuelekea kiwiko. Alidhani jasho. Akainua macho. Ilikuwa damu. Ilitoka kwenye kiganja chake mwenyewe, chini ya shingo ya shemeji yake, na alikuwa hajaihisi mpaka ilipofika kwenye sehemu ya mkono iliyokuwa bado yake.

Kiganja hakitoki damu hivi hivi. Ni kucha.

Akaelewa yote kwa pamoja, kama mtu anayewashiwa taa amesimama katikati ya vyombo. Juu, vile vidole vitatu alivyokuwa haviamini vilianza kuteleza, naye hakujua vinateleza kwa kiasi gani; aliona tu kichwa cha Panzi kinasogea nje, kinaning'inia. Mbele yake akina Shubiri walikuwa wanangoja, na Shubiri Mkubwa alikuwa amekunja vidole kumwambia lete. Kurusha ilikuwa rahisi. Angerusha, wangedaka, refa angehesabu, mkanda ungekuwa wao. Kumshusha taratibu ndiko kusikowezekana; kunataka mikono miwili.

Basi akaacha kusimama. Aliuangusha mwili wake wote nyuma, akimvuta Panzi kifuani, kidevu chake juu ya paji la Panzi, mkono wa kushoto umekumbatia kichwa. Akaanguka chali kama mti. Hakujikinga kwa chochote. Mbao zililia, na Panzi akatua juu ya tumbo pana la shemeji yake, akabaki pale.

Kikaja kicheko, kisha kuzomea. Kabati limeanguka. Kabati bovu.

Na kazi ile ina sheria: jambo likiharibika, endelea. Shubiri Mkubwa akaifuata sheria. Akapanda kamba ya pili ili awarukie wote wawili, amalize kwa namna fulani. Kabati alimwona anapinda magoti. Angelia, angepiga kelele kwamba ameumia, angesema kweli kweli, wallahi. Lakini hayo ndiyo maneno waliyoyalia pale kila Jumamosi, hakuna ambaye angeyasikia.

"Mwalimu," akasema. "Shuka, Mwalimu."

Ndani ya zile kamba hakuna mtu aliyewahi kuitwa kwa kazi yake ya kweli. Shubiri Mkubwa akaganda juu pale. Akashuka kinyumenyume, mguu mmoja mmoja, kama anayeshuka ngazi. Akapiga magoti kando yao, akaitazama damu, akatazama jinsi Panzi alivyolala, kisha akavua kinyago. Watu walipoona uso wa baba wa makamo mwenye alama ya miwani puani, ndipo kuzomea kulipokatika. Mwalimu akamwekea Panzi mikono pande mbili za kichwa na kumwambia, kwa sauti ile ile anayowaambia wale wadogo wanaodondoka kwenye bembea, asitikisike, babu, atulie hivyo hivyo, mtu mzima anakuja.

Mke wa Kabati alikuwa amekwisha kupita katikati ya kamba. Alimtazama mdogo wake. Kisha akamtazama mumewe aliyekuwa chini ya Panzi. Hakumwambia neno, na hakumwambia neno kwa siku nyingi.

Mfupa wa shingo ulikuwa na ufa, si kuvunjika. Daktari alisema angetua kwa namna nyingine yoyote siku ile, hata mikononi mwa watu, ufa usingebaki ufa. Panzi atatembea. Hataruka.

Kabati alikaa kwenye benchi la wodi mpaka alipoitwa. Panzi alikuwa amelala amevalishwa kola ngumu, hawezi kugeuza uso, kwa hiyo aliongea na dari.

"Nilikukwaruza," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniminya."

Kabati akamwambia. Alimwambia habari ya sindano, na kitambaa, na sufuria, na kamba za kiatu. Pengine katika maisha yake hakuwahi kusema maneno mengi namna ile mfululizo, na yalitoka vibaya, la nyuma mbele. Panzi alimwacha afike mwisho.

"Mkono kufa si kosa," akasema. "Lakini shemeji, mimi wiki zote hizo nilikuwa narukia kwenye mikono ambayo wewe mwenyewe ulijua haipo." Akafumba macho. "Nenda nyumbani."

Alikwenda. Mwenye ulingo aliwapa mkanda watu wengine. Kabati naye alikatazwa na daktari kubeba, akafundishwa kuukunja na kuukunjua ule mkono, akaambiwa huenda hisia zikarudi na huenda zisirudi. Alirudi kwenye karakana na kujifunza kushona kwa mkono wa kushoto. Ilimwenda vibaya. Mafundo yalikaa kombo, magodoro yakawa na vilima na mabonde. Mkewe alimwekea chakula na kukifunika, akaenda kwa mama yake kumwuguza mdogo wake. Mama mkwe, aliyempa jina, alipopita njiani alimsalimu kwa heshima zote, akimwita baba mara mbili tatu, na heshima ile ndiyo iliyomuuma zaidi, maana zamani alikuwa akimtania.

Mchana mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya godoro kubwa la watu wawili, lile ambalo linataka watu wawili kulishona: mmoja juu anasukuma sindano, mwingine chini anaipokea na kuirudisha. Alikuwa anasukuma, anainuka, anazunguka, anaipapasa upande wa pili, anarudi. Mlango ukafunikwa na kivuli. Panzi aliingia na kola yake, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Hakusalimu. Alivuta kigoda akakaa upande wa pili wa godoro, akatazama kazi.

"Nani ameshona haya mavi ya mbuzi?" akauliza.

"Mimi."

"Lete mkono."

Kabati akanyoosha wa kushoto.

"Si huo."

Akanyoosha wa kulia. Panzi akauweka juu ya godoro, kiganja juu. Alama za kucha zilikuwa zimebaki, mistari minne myembamba. Akachomoa sindano kwenye kitambaa, akaigusisha ncha kwenye kidole gumba.

"Unahisi?"

"Hapana."

Akasogeza. "Hapa?"

"Hapana, shemeji."

Alipanda nayo hivyo hivyo, pole pole, katikati ya kiganja, kwenye shina la kiganja, kila mahali anauliza na kila mahali Kabati anajibu hapana, na kila hapana ilimtoka kwa shida kama jino. Walipofika kwenye kifundo, Kabati akashtuka.

"Hapo."

"Una hakika?"

"Hapo nahisi. Inauma."

Panzi akatazama kando, akaokota kipande cha chaki ya fundi kilichokuwa sakafuni, akachora mstari kuzunguka kifundo cha shemeji yake, taratibu, kama anayepima nguo.

"Chini ya hapa ukiniambia uongo nitajua," akasema. "Juu ya hapa nitakuamini. Kila Jumamosi nakuja, tunachora upya, tuone unashuka au unapanda."

Akairudisha sindano kwenye kitambaa, akainama kwa shingo yake isiyopinda mpaka mkono wake ukafika chini ya godoro, akaweka kiganja wazi upande ule asioweza kuuona.

"Haya," akasema. "Sukuma."

Kabati alishika sindano kwa mkono wa kushoto. Kabla hajasukuma akamwambia ni wapi itatokea, akamwambia tena, akamwuliza kama amesikia. Panzi akamjibu kwamba amesikia, hata wa duka la vipuri wamesikia, asukume.